Hardwick Hall: Jumba la Vioo na Sababu ya Umbo Lake

Hardwick Hall ni jumba la mawe lililo juu ya kilima katika jimbo la Derbyshire, katikati ya Uingereza. Lilijengwa kati ya mwaka 1590 na 1597, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, wakati ambapo kioo cha dirisha kilikuwa bidhaa ghali na nyumba nyingi za watu wa kawaida hazikuwa nacho kabisa. Hata hivyo, ukilitazama kutoka upande wa magharibi, ambao ndio uso wake mkuu, unaona madirisha makubwa yakifuatana kwa safu hata mawe yanabaki kama fremu tu ya kuyashikilia. Ndiyo maana Waingereza walitunga msemo wenye vina, ambao bado unarudiwa, kwamba Hardwick Hall lina vioo vingi kuliko kuta.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu vioo hivyo ni kwamba mwenye nyumba alitaka kuonyesha utajiri wake. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshelezi. Kama lengo lilikuwa fahari peke yake, kwa nini madirisha makubwa zaidi yawekwe ghorofa ya juu kabisa, mbali na macho ya mgeni anayesimama mlangoni? Kwa nini ukumbi wa kuingilia ukate nyumba katikati kutoka mbele hadi nyuma, kinyume na desturi ya karne kadhaa? Kwa nini baadhi ya madirisha yawe ya uongo, yaani hayana chumba nyuma yake? Maswali haya yanaonekana kuwa matatu tofauti, lakini naona kwamba jibu lake lina mzizi mmoja: uamuzi wa kuzihamisha shughuli zote za heshima kutoka ghorofa ya chini na kuzipandisha ghorofa ya juu. Ukishauelewa uamuzi huo, mengi yaliyobaki katika jengo hili yanajieleza.

Mwenye nyumba alikuwa Elizabeth Talbot, mke wa Erli (cheo cha juu cha kikabaila) wa Shrewsbury, ambaye historia humtaja zaidi kwa jina la Bess wa Hardwick. Alizaliwa hapohapo Hardwick katika familia ya watu wenye ardhi ambao hawakuwa matajiri wakubwa, akaolewa mara nne, na kila ndoa ikampandisha cheo au kumwongezea mali. Pamoja na mume wake wa pili, Sir William Cavendish, alianza kujenga jumba la kwanza la Chatsworth mwaka 1552, kwa hiyo alipofika umri wa kujenga Hardwick tayari alikuwa na uzoefu wa miaka mingi katika kazi za ujenzi. Mume wa nne, George Talbot, Erli wa sita wa Shrewsbury, alifariki mwezi Novemba 1590, baada ya miaka ya ugomvi mkali kati yao. Kifo hicho kilimwachia Bess mapato makubwa kiasi kwamba alihesabiwa miongoni mwa wanawake matajiri zaidi nchini baada ya malkia mwenyewe. Misingi ya jumba jipya ilikuwa tayari imeanza kuchimbwa wiki chache kabla ya msiba huo, na fedha zilizofuata ndizo zilizowezesha kazi kwenda kwa kasi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba alikuwa hajamaliza jumba jingine lililokuwa hatua chache tu kutoka hapo. Tangu mwaka 1587 alikuwa akiipanua nyumba ya wazazi wake, ambayo leo huitwa Hardwick Old Hall, yaani jumba la zamani, na majengo hayo mawili yalitumika pamoja kwa miaka mingi, la zamani likipokea wageni na watumishi ambao lile jipya halikuweza kuwalaza. Jumba la zamani lilikua kwa kuongezewa vipande, kila kipande kikifuata mahitaji ya wakati wake, na sura yake ya nje haina mpangilio. Jumba jipya ni kinyume chake: ramani yake ilikamilika kichwani mwa mtu kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Mtu huyo, kwa maoni ya takriban wanahistoria wote wa usanifu, ni Robert Smythson. Hakuwa msomi wa chuo. Alianza kazi kama mwashi, akafika kwenye jumba la Longleat katika jimbo la Wiltshire mwaka 1568 akiwa na kikundi chake cha mafundi wa mawe, na baadaye akasanifu Wollaton Hall karibu na Nottingham, iliyojengwa kati ya mwaka 1580 na 1588. Alipofariki mwaka 1614 alizikwa katika kanisa la Wollaton, na jiwe la kaburi lake linamtaja kuwa msanifu na mpimaji, cheo ambacho wakati huo mafundi wachache sana wa Uingereza walikuwa wamepewa. Miongoni mwa michoro yake iliyohifadhiwa imo ramani inayofanana sana na ile ya Hardwick. Kwa upande mwingine, vitabu vya hesabu za ujenzi vilivyobaki vinaonyesha kwamba kazi ya kila siku iliongozwa na Bess mwenyewe pamoja na mafundi wake wa kudumu, na yeye ndiye aliyekuwa akikagua hesabu na kutia saini. Si haki, basi, kumpa Smythson sifa zote. Ramani ni yake, lakini mahitaji yaliyoizaa ramani hiyo yalikuwa ya mwanamke aliyejua vizuri sana namna alivyotaka kuishi na namna alivyotaka kuheshimiwa.

Ghorofa tatu, daraja tatu

Ukiacha minara, jumba lina ghorofa tatu, na kila ghorofa ni ndefu kwa kimo kuliko iliyo chini yake. Ghorofa ya chini ilikuwa ya kazi: jiko, stoo, vyumba vya watumishi na ukumbi wa kuingilia. Ghorofa ya kati ilikuwa ya maisha ya kila siku ya Bess na jamaa zake, na humo ndimo kilimokuwa chumba chake cha kulala. Ghorofa ya juu ilitengwa kwa ajili ya heshima: kupokea wageni wakubwa, kula chakula cha sherehe, kutembea na kuzungumza katika ukumbi mrefu, na kumlaza mgeni wa daraja la juu kabisa endapo angefika. Madirisha yanafuata mpango huo bila kuficha. Ya chini ni mafupi, ya kati ni marefu kiasi, na ya juu ndiyo marefu kuliko yote. Mtu wa karne ya 16 aliyesimama uani angeweza kusoma daraja za maisha ya ndani kwa kuutazama ukuta wa nje tu, na hilo ni jambo ambalo nyumba chache sana duniani zinalionyesha kwa uwazi wa namna hii.

Desturi ya Uingereza haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika nyumba za makabaila za zama za kati, moyo wa maisha ulikuwa ukumbi mkubwa wa chini, ambamo bwana wa nyumba alikula pamoja na watu wake wote, yeye akiketi mezani juu ya jukwaa kwenye ncha moja na watumishi wakiketi kwa kufuata vyeo hadi ncha ya pili. Polepole, kwa muda wa vizazi kadhaa, mabwana walijiondoa katika ukumbi huo na kuhamia vyumba vya juu vilivyokuwa na faragha zaidi. Bess aliichukua desturi hiyo na kuifikisha ukomo wake. Alikwisha kuijaribu katika jumba la zamani, ambalo nalo liliwekewa vyumba vikuu vya heshima katika ghorofa za juu. Katika jumba jipya safari ya mgeni inaanzia mlangoni, inapita ukumbini, kisha inapanda ngazi pana za mawe zenye vidato vifupi vinavyozunguka ndani ya nyumba, inapita mlango wa ghorofa ya kati bila kuingia, na kuishia katika kile kinachoitwa Chumba Kikuu cha Juu. Ngazi hizo hazina mapambo mengi. Mwanga unaongezeka kadiri unavyopanda, na uzito wa mawe unapungua, mpaka mlango wa mwisho unapofunguliwa mgeni anajikuta mbele ya chumba kipana chenye madirisha yanayokaribia kugusa dari.

Gharama ya mpango huo ililipwa na watumishi. Chakula cha sherehe kilipikwa chini, kikabebwa kwa maandamano rasmi kupitia ukumbini na kupandishwa ngazi zote hizo kabla ya kufika mezani, na ni wazi kwamba vyakula vingi havikufika vikiwa na moto. Watu wa daraja la Bess hawakuliona hilo kuwa kasoro. Maandamano yenyewe yalikuwa sehemu ya karamu, kwa kuwa kila aliyekuwa ukumbini alipaswa kusimama na kuvua kofia sahani za bibi zilipokuwa zikipita.

Ukumbi uliogeuzwa

Hapa ndipo lilipo fundo gumu zaidi la usanifu wa jumba hili, na linastahili kufunguliwa taratibu. Ukumbi wa desturi ulilala sambamba na uso wa nyumba. Mgeni aliingia kupitia njia iliyokuwa kwenye ncha moja ya ukumbi, nyuma ya kizuizi cha mbao, kisha akageuka kona ndipo auone ukumbi wote. Kwa kuwa mlango ulilazimika kuwa kwenye ncha ya ukumbi, na kwa kuwa ukumbi ndio uliochukua sehemu kubwa ya uso wa nyumba, mlango haukuweza kukaa katikati. Zaidi ya hayo, dirisha kubwa la upande wa bwana lilitokeza upande mmoja bila mwenzake wa kulilinganisha. Wasanifu wa wakati huo, waliokuwa wamekwisha kuona vitabu vya Kiitaliano na michoro ya Wafiamanda, yaani watu wa eneo ambalo leo ni Ubelgiji, walitamani uso wa jengo ambao upande wa kulia na wa kushoto unalingana kabisa. Desturi ya ukumbi iliwazuia, na wengi walitumia ujanja wa kila aina kuficha mlango au kubuni dirisha la kusawazisha.

Hardwick iliondoa tatizo lenyewe. Ukumbi uligeuzwa ukawekwa kwenye mhimili wa kati, ukaanzia mlango wa magharibi na kwenda moja kwa moja hadi upande wa mashariki. Mlango ukaketi katikati ya uso wa nyumba bila kulazimishwa, nyuma ya safu ya nguzo zinazounganisha minara miwili ya mbele, na kila kilichoko kulia kikapata mwenzake wa kushoto. Baadhi ya wanahistoria wanaona humo athari ya majumba ya mashambani ya Andrea Palladio wa Italia, ambaye vitabu vyake vilikwisha kuchapishwa mwaka 1570. Inawezekana sana. Lakini athari ya Italia isingeweza kufanya kazi kama ukumbi ungeendelea kuwa mahali pa heshima pa bwana, kwa sababu jukwaa, kizuizi na mpangilio wa vyeo vilihitaji umbo lile la zamani. Ukumbi wa Hardwick uliweza kugeuzwa kwa kuwa haukuwa tena na mzigo huo. Ulikuwa umebaki kuwa mahali pa watumishi kulia chakula na pa wageni kusubiri, na bibi mwenye nyumba alikuwa ghorofani. Uamuzi wa kupandisha heshima juu ndio uliomwezesha Smythson kupata uso wa jengo aliokuwa akiutafuta maisha yake yote. Bado ukumbi haukunyimwa hadhi yote: una kimo cha ghorofa mbili, kizuizi chake ni cha mawe, na juu ya meko yake pamewekwa nembo kubwa ya familia ya Hardwick iliyofinyangwa kwa lipu, ikishikiliwa na paa wawili.

Jinsi vioo vinavyosimama

Ukuta wenye vioo vingi kiasi hiki hauwezi kubeba nyumba ya mawe kwa njia ya kawaida. Katika nyumba nyingi za zama zile meko na dohani zilijengwa katika kuta za nje, na kila dohani ilihitaji ukuta mnene usio na dirisha. Smythson aliziondoa huko. Katika Hardwick dohani nyingi zimekusanywa katika kuta nene za ndani, hasa ukuta unaopita katikati kwa urefu wa nyumba kama uti wa mgongo, na ukuta huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito wa sakafu na paa. Kuta za nje zilipoondolewa mzigo wa dohani na kupunguziwa mzigo wa sakafu, ziliweza kutobolewa bila hofu.

Hatua ya pili ni kuyapanga madirisha moja juu ya jingine kwa wima usiokatika. Vipande vya ukuta vilivyobaki kati ya safu mbili za madirisha vinashuka kutoka ukingo wa paa hadi ardhini kama nguzo, na uzito unapata njia iliyonyooka ya kufika msingini. Hatua ya tatu ni minara. Iko sita: miwili mbele, miwili nyuma, na mmoja katika kila ncha fupi ya nyumba. Watu huiona kama mapambo, na kwa kweli ni mapambo, lakini kila mnara pia ni mkunjo katika ukuta, na ukuta uliokunjwa husimama imara kuliko ukuta mrefu ulionyooka. Hata ukubwa wa madirisha ya juu una mantiki ya kifundi, kwa kuwa ukuta wa ghorofa ya juu haubebi ghorofa nyingine juu yake, ilhali wa chini unabeba zote, na ni sahihi uwe na mawe mengi na matundu madogo. Kile ambacho heshima ilidai na kile ambacho uzito ulidai vilikubaliana, na naamini kukubaliana huko ndiko kunakoipa sura ya jumba utulivu wake licha ya wingi wa vioo.

Vioo vyenyewe havikuwa vipana kama vya leo. Ufundi wa karne ya 16 ulitoa vipande vidogo, ambavyo viliunganishwa kwa vijiti vya risasi, yaani ile metali laini, na kufungwa ndani ya fremu za mawe zilizogawanywa kwa miimo ya wima na ya mlalo. Ukikaribia, dirisha moja linakuwa mamia ya vipande, kila kimoja kikiwa kimeinama kidogo tofauti na jirani yake, na hiyo ndiyo sababu jua la jioni linapoupiga uso wa magharibi hauakisi mwanga kwa pamoja bali unametameta. Bess alikuwa na karakana yake mwenyewe ya vioo huko Wingfield, risasi ilitoka katika machimbo yake, na mawe ya mchanga ya kuta yalichimbwa chini ya kilima hichohicho. Bila rasilimali hizo, nadhani hata utajiri wake usingetosha.

Madirisha ya uongo

Ulinganifu kamili wa nje uliletea ndani matatizo ambayo hayakuwa na suluhisho la uaminifu. Vyumba vya watu haviko sawa kulia na kushoto, na jiko halina haja ya kulingana na chumba cha kulala. Pale ambapo ulinganifu ulidai dirisha na ndani hapakuwa na nafasi yake, dirisha liliwekwa tu. Baadhi ya madirisha ya Hardwick yana dohani au ukuta nyuma ya vioo vyake, na mengine yanaonekana nje kama dirisha moja refu ilhali ndani sakafu inapita katikati yake na kuhudumia vyumba viwili vifupi, kimoja juu ya kingine. Wageni wengine hudhani kwamba madirisha yaliyozibwa ni matokeo ya kodi ya madirisha iliyotozwa Uingereza. Kodi hiyo ilianza mwaka 1696, karibu karne nzima baada ya jumba kukamilika, na haihusiani na madirisha haya, ambayo yalikuwa ya uongo tangu yalipochorwa.

Kuna wanaoliona jambo hili kuwa udanganyifu unaopunguza thamani ya jengo. Sikubaliani nao. Uso wa Hardwick haukukusudiwa kuwa orodha ya vyumba, ulikusudiwa kuwa tangazo la daraja na utaratibu, na kwa maana hiyo kila dirisha, hata lisilo na chumba, linasema kweli. Tangazo hilo linamalizikia juu ya minara, ambako ukingo wa mawe umechongwa herufi E na S, yaani Elizabeth Shrewsbury, pamoja na taji la cheo chake, kwa ukubwa unaosomeka kutoka mbali bondeni. Minara yenyewe inazidi paa kwa ghorofa moja, na mtu anapotembea kuizunguka nyumba inaonekana kujikusanya na kutawanyika, mara mitatu pamoja, mara minne, kutegemea aliposimama. Paa lililo katikati yake ni bapa, limefunikwa kwa risasi, na wageni walipandishwa huko kutembea na kuitazama nchi, kisha wakala matunda na vitu vitamu katika chumba kidogo kilichomo ndani ya mnara mmoja.

Chumba Kikuu cha Juu na ukumbi mrefu

Vyumba vya ghorofa ya juu vilisanifiwa pamoja na vitu vilivyokusudiwa kuvipamba, na si rahisi kuvielewa ukivitenganisha. Mwaka 1587, kabla hata msingi haujachimbwa, Bess alinunua seti ya vitambaa vya ukutani vilivyofumwa kwa picha za hadithi ya Ulisi, shujaa wa masimulizi ya Wagiriki wa kale, na hivyo ndivyo vinavyofunika sehemu ya chini ya kuta za Chumba Kikuu cha Juu. Juu yake unazunguka ukanda mpana wa lipu iliyofinyangwa na kupakwa rangi, kazi ya Abraham Smith na wenzake, unaoonyesha msitu wenye miti, wanyama na wawindaji, na Diana, mungu bikira wa uwindaji, akiwa ameketi kati yao. Maana yake haikuhitaji kuelezwa kwa mtu wa wakati huo, kwa kuwa Malkia Elizabeth alikuwa bikira na Diana alikuwa sura yake iliyozoeleka katika sanaa. Nembo ya kifalme iko juu ya meko. Chumba chote kilikuwa kinamsubiri malkia, na malkia hakufika kamwe. Bess alikuwa na sababu ya pekee ya kutumaini, maana mjukuu wake Arbella Stuart, aliyelelewa naye, alikuwa na damu ya kifalme na alitajwa miongoni mwa wale ambao wangeweza kurithi kiti.

Upande wa mashariki, ukichukua karibu urefu wote wa nyumba, uko ukumbi mrefu wa takriban mita 50, ambao ulitumika kwa kutembea siku za mvua, kuzungumza faragha na kutundika picha za watu wakubwa. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na vitambaa 13 vya hadithi ya Gideoni, ambavyo Bess alivinunua mwaka 1592 kutoka kwa mrithi wa Sir Christopher Hatton, aliyekuwa mmoja wa maofisa wakuu wa Malkia Elizabeth, na akapunguziwa pauni 5 kwa sababu nembo za Hatton zilipaswa kufunikwa na kuwekwa zake. Meko mawili makubwa ya ukumbi huo yamepambwa kwa sanamu za Haki na Rehema zilizochongwa na Thomas Accres. Mwanga mwingi unaoingia kutoka mashariki umekuwa adui mkubwa wa vitambaa hivyo kwa zaidi ya miaka 400, ndiyo maana siku hizi mapazia hushushwa kiasi ambacho Bess asingekikubali. Kazi ya kuvisafisha na kuvitengeneza vyote 13, kimoja baada ya kingine, ilichukua miaka 24 na kukamilika mwaka 2023.

Vitambaa vilikuwa pia silaha dhidi ya baridi. Vioo vyembamba havizuii joto lisitoke, na kilima cha Derbyshire kina upepo. Orodha ya mali iliyoandikwa mwaka 1601, ambayo imehifadhiwa na ni hazina isiyo na mfano kwa wanaochunguza maisha ya nyumba za wakati huo, inaonyesha mapazia, mablanketi na vitambaa vya kutundika kwa wingi katika chumba cha kulala cha Bess, ambacho kiliwekwa ghorofa ya kati, mahali penye dari fupi na panapopashika joto kwa urahisi. Mwanamke aliyejenga vyumba vikubwa vya juu hakuvilalia yeye mwenyewe.

Kilichoihifadhi na kilichoibadilisha

Bess alihamia mwezi Oktoba 1597 na kufariki mwaka 1608. Wazao wake wa ukoo wa Cavendish walipata cheo cha Erli wa Devonshire na baadaye, mwaka 1694, cha Duki, kilicho juu ya Erli, nao wakaichagua Chatsworth kuwa makao makuu. Huko walibomoa na kujenga upya kufuata mitindo mipya, na katika jumba la Chatsworth la leo ni vigumu kuliona lile la Bess. Hardwick haikuguswa sana kwa sababu haikupewa umuhimu wa kutosha. Duki wa sita, aliyeipenda kwa sababu ya ukale wake, alileta huko katika karne ya 19 vitambaa na samani kutoka nyumba zake nyingine, kwa hiyo si kila kitu cha kale kinachoonekana ndani kiliwekwa na Bess. Chumba kinachoitwa cha Mary, Malkia wa Scotland, ni mfano mzuri: Mary alikuwa kweli mfungwa chini ya ulinzi wa mume wa Bess kwa miaka mingi, lakini alikatwa kichwa mwaka 1587, kabla jumba hili halijaanza kujengwa.

Kodi kubwa ya urithi iliyodaiwa baada ya kifo cha Duki wa kumi mwaka 1950 iliilazimu familia kuitoa Hardwick kwa serikali, na tangu mwaka 1959 iko chini ya shirika la hifadhi la National Trust. Jumba la zamani, ambalo liliachwa na kubomolewa kwa sehemu katika karne ya 18, linatunzwa na English Heritage, shirika jingine la hifadhi. Anayetaka kuelewa ujenzi wa lile jipya anashauriwa aanzie hapo. Paa na sakafu havipo tena, na meko ya kila ghorofa yameachwa ukutani, mengine yakiwa bado na mapambo ya lipu juu yake, hivyo mtu anaweza kuona kwa macho mahali dohani zilipopita, namna vyumba vya heshima vilivyopandishwa hadi juu kabisa, na ukumbi uliokwisha kugeuzwa kuikata nyumba kabla ya jaribio hilo kukamilishwa upande wa pili wa ua.